Krimu ya meno yenye protini ya maziwa: uzoefu wangu hapa Kigoma

Niseme mapema kwamba GC Tooth Mousse Plus si dawa ya meno. Haitoi povu, haisugui kitu, na mtu akiinunua ili aachane na dawa yake ya kawaida ametupa hela. Ni krimu ya kupaka baada ya kupiga mswaki, na ndivyo nilivyoitumia.

Shida yangu ilikuja na mimba ya mwisho. Nilitapika mno, na matapishi yana asidi kali. Nilipojifungua, maji ya friji yakawa hayanyweki, na ndimu ndiyo kabisa, meno yanakufa ganzi mpaka nafumba macho. Isitoshe, karibu na fizi za mbele kulikuwa na madoa meupe yasiyong'aa. Daktari wa meno aliyapuliza hewa yakakauka, akanipa kioo: yakazidi kuonekana. Ganzi, akasema, ni kazi ya asidi ya matapishi. Madoa ni kazi ya utando wa bakteria uliokaa pale, madini yameanza kutoka lakini jino halijatoboka, kwa hiyo hakuna cha kuziba. Akaniandikia dawa ya meno yenye floridi, madini yanayokinga meno, ya 1,450 ppm (sehemu kwa milioni) asubuhi na usiku, na kama mfuko unaruhusu, krimu hii.

Nilizunguka famasi za Mwanga sikuipata. Ndugu yangu aliinunua Dar akanitumia kwa basi, na kwa bei aliyouziwa ningepata dawa za meno za kawaida za kutosha nyumba nzima kwa miezi mingi.

Sasa kwa nini maziwa? Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, karibu yote ni madini ya kalsiamu na fosfati. Kinywa kikishuka chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi), iwe kwa soda au kwa bakteria walioshiba sukari, madini hayo huanza kuyeyuka. Mate yakishatuliza asidi, sehemu yake hurudi. Floridi huharakisha kurudi huko, na fuwele zinazojengeka nayo huhimili asidi mpaka karibu pH 4.5. Lakini floridi haijengi mikono mitupu: kwa kila chembe 2 za floridi zinahitajika 10 za kalsiamu na 6 za fosfati. Kwa kawaida hizo hutoka kwenye mate. Krimu inaongeza nyingine. Ugumu ni kwamba kalsiamu na fosfati zikiwa nyingi mahali pamoja huganda zenyewe kabla ya kufika popote. Vipande vya kaseini, protini kuu ya maziwa ya ng'ombe, ndivyo vinavyozishikilia zisigande. Teknolojia hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, kwa Profesa Eric Reynolds na wenzake. Angalia neno Plus kwenye tyubu: hiyo ina floridi 900 ppm, isiyo na Plus haina.

Mama mkwe, Muha wa Kasulu aliyekulia kwenye ng'ombe, alinikuta napaka. "Mwanangu, maziwa si yamo humu nyumbani?" Swali halali. Nikamwambia, mama, maziwa matupu ni mazuri kwa meno, yana kalsiamu na kaseini hiyo hiyo, ila ukinywa yanapita tu. Na humu nyumbani yakishaingia kwenye chai yanafuatwa na sukari vijiko vitatu. Akacheka, akaongeza cha nne.

Matumizi ni rahisi. Usiku nikishapiga mswaki, natema povu bila kusukutua kwa maji, kisha nachukua kiasi cha punje ya mbaazi na kupaka kwa kidole. Ni nzito kama mtindi uliochujwa, tamu kidogo ingawa haina sukari. Inakaa dakika 3, naieneza kwa ulimi dakika nyingine moja au mbili, natema. Baada ya hapo hakuna kula wala kunywa kwa nusu saa. Kwangu hilo ndilo lililokuwa gumu, maana mtoto mchanga hakuachi hata umalize kikombe cha uji kwa wakati wake.

Matokeo: maji ya friji nayanywa. Ndimu bado nainyunyizia samaki wa mgebuka kwa woga. Doa la kushoto limefifia, la kulia lipo vilevile ukilikausha. Siwezi kuapa kwamba ni krimu, kwa sababu dawa ya meno nayo nilibadilisha wakati huo huo, na hata tafiti hazikubaliani kama krimu hii inaongeza kikubwa kwa mtu ambaye tayari anatumia floridi ipasavyo. Jino lililokwisha toboka hairudishi, hilo likazibwe.

Mwenye mzio wa protini ya maziwa asiiguse. Hiyo ya Plus haifai kwa watoto chini ya miaka 6. Na walioko Arusha au Kilimanjaro, kwenye maeneo ambayo maji yana floridi nyingi hadi meno ya watoto yanakuwa ya kahawia, waongee na daktari kabla ya kujiongezea floridi nyingine.

Naipa nyota tatu na nusu. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua dawa ya floridi, krimu isubiri.