Uzoefu wangu na seti ya sayari: utepe umewafunza wanangu kuliko mipira

Kwa miezi minne sasa mimi na wanangu wawili, binti wa miaka 7 na kaka yake wa miaka 10, tumekuwa tukitumia seti ya kufundishia sayari na asili ya ulimwengu, na kwa kuwa wazazi wengi huulizana kama vifaa vya aina hii vina manufaa ya kweli, nimeona ni vyema nieleze yaliyotukuta. Sandukuni mna mpira wa Jua na mipira minane ya sayari, kamba iliyotungwa shanga, utepe wa karatasi wenye urefu wa mita 13.8, kadi za maelezo na kijitabu cha mzazi. Niliinunua kwa ajili ya mipira, ambayo ndiyo iliyochorwa kwenye kifuniko, lakini kilichowafunza watoto ni utepe na kamba.

Mipira yenyewe imepakwa rangi vizuri, na pete za Zohali hazijavunjika ingawa zimeangushwa mara nyingi. Kasoro yake ni vipimo. Jua lina upana wa sentimita 10 na Dunia ina sentimita 3, wala hakuna mahali panapomweleza mtoto kwamba uwiano huo si wa kweli. Jua likiwa na ukubwa huo, Dunia inapaswa kuwa na upana usiofika milimita 1 na kukaa karibu mita 11 kutoka kwake, ilhali Neptuni inapaswa kuwa umbali wa zaidi ya mita 320. Tuliamua kulijaribu jambo hili nje. Tuliweka Jua juu ya jiwe, mwanangu akabandika punje ya mchanga kwenye ncha ya kidole, tukapima mita 11, kisha akageuka kulitazama Jua. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama watu wote wanaishi juu ya ile punje.

Kamba imetengenezwa kwa uangalifu zaidi. Sentimita 10 zinasimama badala ya umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua, yaani takriban kilomita milioni 150, kwa hiyo sayari nne za kwanza zimebanana ndani ya sentimita 15, Mshtarii iko kwenye sentimita 52, na Neptuni iko mita 3 kutoka mwanzo. Binti yangu aliipitisha kamba vidoleni akiwa amefumba macho, akagundua mwenyewe kwamba baada ya shanga ya nne kuna pengo refu. Hapo nilipata nafasi ya kumweleza kwamba karibu na Jua changa palikuwa na joto kali mno kiasi kwamba barafu haikuweza kudumu, zikabaki mawe na metali za kuunda sayari ndogo na ngumu, na kwamba mbali zaidi barafu ilikuwepo kwa wingi, ndiyo maana huko zilikua sayari kubwa zilizojikusanyia gesi.

Utepe ndio unaonifanya niisifu seti hii bila kusita. Kila mita ni miaka bilioni 1, na kila milimita ni miaka milioni 1, hivyo urefu wote ni umri wa ulimwengu. Tuliukunjua sakafuni kuanzia mlango wa mbele, ukapita sebule nzima na kukunja kona kuingia chumbani. Watoto walitembea kando yake wakitarajia kuliona Jua mapema, lakini walilazimika kwenda zaidi ya mita 9 ndipo wakalikuta, kwa sababu Jua na sayari zake zina umri wa miaka bilioni 4.6 tu. Dinosaria wakubwa wametoweka sentimita 6.6 kabla ya mwisho. Binadamu wa aina yetu, ambaye amekuwepo kwa takriban miaka 300,000, anachukua theluthi moja ya milimita, na mwanangu aliinama akaitafuta sehemu hiyo kwa ukucha kwenye ukingo wa karatasi.

Kijitabu ndicho kilichonisikitisha. Kimechora Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, kama bomu linalopasuka katikati ya giza, na picha hiyo inamfundisha mtoto kwamba kulikuwa na mahali patupu pakisubiri kujazwa. Wanaastronomia wanachosema ni kwamba nafasi yenyewe ilianza kutanuka ikiwa na joto na msongamano mkubwa sana, na bado inatanuka. Ilinibidi nitafute lastiki, nikaifunga mafundo matano na kumpa binti yangu aivute, ili aone kwamba kila fundo linajitenga na mengine yote. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Inasikitisha kwamba lastiki ya namna hiyo haikutiwa ndani ya sanduku, kwa maana ingegharimu kidogo kuliko ile picha.

Kadi, kwa upande mwingine, zimeandikwa na mtu anayewajua watoto. Wanangu hurudia mara kwa mara ile ya wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson, ambao mwaka 1965 walitangaza kwamba antena yao ilinasa mnong'ono wa redio kutoka kila upande wa anga. Kwanza walidhani chanzo ni kinyesi cha njiwa, wakaisafisha antena yote, lakini mnong'ono ukabaki, kwa kuwa ulikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Kadi ya Zuhura nayo inaeleza sawasawa kwamba ndiyo sayari yenye joto kuliko zote, yapata nyuzi 465 za Selsiasi, ingawa haiko karibu na Jua kuliko zote. Majina tu ndiyo yangehaririwa: kadi moja inaandika Utaridi na nyingine Zebaki, na binti yangu alihesabu sayari tisa kwa siku mbili mpaka nilipomwambia kuwa hayo ni majina mawili ya sayari moja.

Ningemshauri mzazi atakayeinunua aanze na utepe, kisha kamba, na mipira aitoe mwishoni. Mtengenezaji naye ningemwomba autengeneze utepe kwa kitambaa. Wetu umeanza kuchanika kwenye mita ya 9, pale linapozaliwa Jua, kwa kuwa hapo ndipo watoto husimama na kupiga magoti kila tunapoukunjua.