Ngazi nilizotaka kuzilalamikia: mazoezi ya Baba hapa Moshi

Nilipoona chumba cha mazoezi ya viungo kiko ghorofani na hakuna lifti, nikaanza kutunga maoni mabaya kichwani. Baba ana miaka 74 na ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Nyumbani Machame miguu humganda mlangoni kama imepigiliwa misumari. Leo apande ngazi?

Akazipanda zote bila hata kushika ukuta. Juu, kwenye sakafu tambarare na mlango mpana, akaganda.

Dada wa mazoezi hakumvuta mkono. "Shikamoo mzee wangu, usiwe na haraka." Akaweka mguu wake mbele ya kiatu cha Baba. "Vuka huu." Baba akavuka, akaingia.

Alitueleza huku akibandika tepu ya njano sakafuni, mstari kila hatua. Ndani kabisa ya ubongo, chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe ubongoni, zimekufa nyingi, hivyo mawasiliano na sehemu za juu zinazopanga mwendo yamevurugika. Kutembea bila kuwaza kunategemea njia hiyo. Ngazi au mstari huyapa macho kitu cha kulenga, na inaelekea ubongo hupitia njia nyingine. Mlio wa simu wa ta-ta-ta nao husaidia, ila Baba kasema ni kelele. Anahesabu mwenyewe kwa Kimachame.

Ni dada huyo pia aliyetuambia levodopa, dawa ya Baba ya Parkinson, isikutane na mtori wenye nyama, kwa kuwa protini huizuia dawa isifyonzwe vizuri. Sasa Baba anameza nusu saa kabla ya kula. Huko tulikoanzia tuliambiwa "uzee tu" miaka mitatu! Na sisi ni watu wa Hai, wilaya iliyofanyiwa utafiti wa ugonjwa huu ukachapishwa 2008, na wengi waliogundulika humo walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Nyota moja nainyima kwa sababu ya kusubiri. Miadi saa tatu, tukaingia saa nne na nusu, dawa ya asubuhi imeshaanza kumwisha mwilini na mkono unatetemeka hadi chai ikamwagika. Mgonjwa wa namna hii huwezi kumweka benchi. Bima hawapokei, nililipa 25,000 taslimu.

Tepu niliyonunua mjini ilibanduka Mama alipopiga deki. Jumamosi nimechora mistari kwa rangi ya mafuta, kuanzia kitandani hadi chooni.