Bolton Museum: Misri ya kale katika mji wa pamba

Mji wa viwanda kaskazini-magharibi mwa Uingereza haukupata kwa bahati vitu takriban 12,000 vya Misri ya kale. Bolton iliishi kwa kusokota pamba, na pamba nzuri ilitoka Misri. Annie Barlow, binti wa mwenye kiwanda, alikuwa mwakilishi wa mji kwa Egypt Exploration Fund, mfuko wa uchimbaji ulioanzishwa 1882. Wafadhili walichanga, vitu vikachimbuliwa, Misri ikachagua vyake kwanza, kilichobaki wakagawiwa waliochanga.

Kwa hiyo usiende ukitarajia dhahabu. Uzito wa Bolton uko kwenye vitambaa, na hapo wachache wanaifikia. Wasimamizi wake wa mwanzo, William Midgley na mwanawe Thomas, walikuwa wajuzi wa nguo. Walichunguza vitambaa vya makaburini kwa darubini, wakihesabu nyuzi za mtande (zinazokwenda kwa urefu) na za mshindio (zinazokatiza kwa upana). Sogelea kabati za kitani: pembeni mwa kitambaa utaona matamvua, na nyuzi zimekaa sawasawa kuliko shuka nyingi za dukani. Taa ni hafifu kwa makusudi, maana mwanga hula kitani na rangi, na kilicholiwa hakirudi.

Nakala kamili ya chumba cha kaburi la farao Thutmose III, iliyokuja na ukarabati wa 2018, huvutia macho. Inapendeza, ila haikuelezi lolote kuhusu jinsi vitu vilivyofika Bolton.

Sanamu ya Amarna Princess, iliyodaiwa kuwa ya binti mfalme wa Misri ya kale lakini ikaja kujulikana ni bandia, ndiyo inayoeleza. Mwaka 2003 jumba hili liliinunua kwa karibu pauni 440,000 baada ya wataalamu kuikubali kuwa ya kale. Aliyeichonga ni Shaun Greenhalgh, mkazi wa Bolton hiyohiyo. Hila haikuwa kwenye jiwe tu: familia yake ilileta katalogi halisi ya mnada wa 1892, yenye maelezo ya jumlajumla yasiyo na picha, kisha sanamu ikatengenezwa ilingane nayo. Katalogi ilikuwa ya kweli, lakini haikuthibitisha kwamba kitu kilichouzwa siku ile ndicho hiki. Kitu kilichotoka kwenye mgao wa uchimbaji kina ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa sababu mara nyingi eneo na msimu kilipochimbuliwa hujulikana. Greenhalgh alifungwa 2007.

Kiingilio ni bure, na jengo lina maktaba na akwariamu pia. Mwenye haraka aanze na vitambaa, kaburi liwe la mwisho.