Nalcrom kwa utumbo wenye uvimbe: ni salama, lakini haitoshi

Nalcrom ni kapsuli zenye kromoglikati ya sodiamu, miligramu 100 kila moja, na nchini Uingereza imesajiliwa kutibu mzio wa chakula, si uvimbe sugu wa utumbo. Hata hivyo, wenye kolitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn, aina kuu mbili za uvimbe huo, huiulizia, na swali lao lina msingi: katika ukuta wa utumbo uliovimba zimo seli za masti, zile zile zinazomwaga histamini na kumtoa mtu chafya akikutana na vumbi, na dawa hii huzizuia zisiimwage.

Historia yake inavutia kuliko matokeo yake. Daktari Roger Altounyan, mwenye pumu, alikuwa akijichokoza kwa makusudi kwa kuvuta mchanganyiko uliotengenezwa kwa nywele za simbilisi, kisha anajijaribia misombo iliyotokana na mmea wa khela, hadi kromoglikati ikapatikana mwaka 1965.

Kwa matumizi, mtu mzima humeza kapsuli mbili mara nne kwa siku, kabla ya kula, na asiyeweza kumeza huyeyusha unga wake katika maji ya moto. Kwa kuwa ni kiasi kidogo mno kinachopenya kuingia damuni, madhara yake kwa kawaida ni mepesi, kama kichefuchefu na vipele, wala hailetei mtu usingizi. Ratiba hiyo, lakini, itamshinda mwenye kazi za kuzunguka.

Kuhusu nguvu yake, majaribio ya miaka ya 1970 kwa wenye kolitisi yalianza kwa matumaini, ila dawa ilipopambanishwa na sulfasalazini, dawa ya zamani ya kolitisi, haikufua dafu. Ajabu ni kwamba sulfasalazini nayo ilihamishiwa utumboni kutoka kwingine, maana daktari Nanna Svartz wa Sweden aliitafuta ili kutibu maumivu ya viungo. Kwa hiyo si wazo la kuhamisha dawa ninalolikataa. Ninachokataa ni kumwacha mgonjwa anayetoa damu chooni aache mesalazini au steroidi zake, dawa za kutuliza uvimbe, kwa ajili ya kapsuli hizi. Mwenye kolitisi ambaye pia ana mzio wa chakula uliothibitishwa anaweza kuongezewa Nalcrom juu ya dawa zake, daktari wake akikubali.

Wanaoshauriwa kutumia ketotifeni, dawa nyingine ya mzio, badala yake wajue kwamba ushahidi wake wenye uzito zaidi unahusu utumbo unaosumbua bila uvimbe, na kwamba inasinzisha, jambo zito kwa dereva.