Kichwa cha mpira wa kujazia upepo: cha kubonyeza au cha kujifunga?

Fundi pancha wa Unga Limited, Arusha, anayejazia bodaboda upepo siku nzima, kichwa cha kubonyeza kinamtosha: ni bei rahisi, anakigandamiza kwenye vali, tairi linajaa, mteja anaondoka. Taabu ni Land Cruiser ya watalii. Hapo utachuchumaa hadi kiganja kife ganzi, na kichwa kikipinda kidogo tu, upepo fyuuu!

Cha kujifunga unabonyeza klipu, unakisukuma hadi mwisho, unaachia. Kinang'ata meno ya vali chenyewe, wewe unaangalia geji. Mimi ningechukua hiki, ila uliza kwanza: cha wazi au cha kujiziba? Cha wazi ni cha bastola ya kujazia upepo, yenye kifyatulio. Ukikifunga moja kwa moja kwenye mpira wa kompresa yenye tangi, upepo utamwagika bila kukoma. Hapo panataka cha kujiziba, kinachozuia upepo hadi kikae kwenye vali.

Kukifunga kwenye mpira si kazi. Toa upepo kwenye mpira, linganisha meno (robo inchi ndiyo kawaida), zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, kaza kwa spana, kisha paka maji ya sabuni. Ukiona mapovu, fungua urudie.

Matairi pacha ya nyuma ya Fuso ni habari nyingine: tafuta chenye shingo ndefu, kiifikie vali ya tairi la ndani.