Bawaba za miwani ya jua zimelegea: kipi cha kununua kwanza, kipi cha kuacha dukani

Watu wengi miwani ikilegea hukimbilia gundi kali ya matone (super glue). Ndicho kitu cha mwisho kwenye orodha yangu, na sababu nitaieleza. Kabla ya hapo, ishike miwani katikati, penye daraja la pua, uitikise taratibu. Mkono wa miwani, ule unaopita sikioni, ukipepea, tazama skrubu ya bawaba kwa karibu. Ikiwa kichwa chake kimeinuka juu, imejifungua tu. Ikiwa kimelala sawasawa, umekaza na bado mkono unacheza, nyuzi (ile mistari inayoizunguka skrubu na tundu lake) zimelika. Ikiwa tundu liko wazi, skrubu ilishadondoka na huenda iko chini ya kiti cha gari. Na ikiwa chuma chenyewe kimepasuka, hilo ni shauri jingine kabisa. Kila hali ina dawa yake, kwa hiyo usinunue kabla hujajua unaumwa nini.

Nafasi ya kwanza naipa bisibisi moja nzuri. Moja, si seti ya vipande thelathini. Skrubu ya bawaba kwa kawaida ina unene wa milimita 1.2 hadi 1.6, na 1.4 ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi. Kichwa chake ni kidogo mno, na mfereji wake ukishatafunwa mara moja, umepata kazi ya siku nzima. Vile vibisibisi vinavyoning'inizwa kwenye funguo vina chuma laini. Ukikutana na skrubu iliyoshika kutu, ncha inajipinda na kuuchana mfereji. Nimeharibu skrubu mbili kwa njia hiyo kabla sijakubali kuachana navyo. Tafuta yenye ncha bapa ya chuma kigumu, upana wake ulingane na kichwa cha skrubu: kati ya milimita 1.5 na 2 inatosha kwa fremu nyingi. Iwe na kitako kinachozunguka chenyewe, ili ukibonyeze kwa kidole cha shahada huku vidole vingine vikizungusha mwili wake. Ncha isiyobonyezwa huteleza, na ikiteleza huwa inaelekea kwenye lenzi. Fremu nyingine zina vichwa vya msalaba, chache zina vya nyota, basi angalia kwanza.

Bisibisi peke yake haimalizi kazi. Skrubu iliyojifungua leo itajifungua tena, kwa sababu kila unapokunja na kukunjua mkono unaisukuma kidogo kidogo. (Wanaovua miwani kwa mkono mmoja wanaiharakisha, maana bawaba ya upande mmoja inabeba nguvu zote.) Hapo inaingia nafasi ya pili: gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia skrubu isijifungue. Hii si gundi ya kawaida. Huwa ngumu pale inapokosa hewa na kugusana na chuma, ndiyo maana chupa yake haijazwi hadi juu: ile hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoizuia isigande.

Makosa hapa hufanyika kwenye rangi. Kwa chapa ya Loctite, kwa mfano, namba 222 ni ya zambarau na ni dhaifu kwa makusudi, ili skrubu ndogo iweze kufunguliwa tena kwa bisibisi. Namba 243 ni ya buluu, na kwa skrubu ya ukubwa huu tayari ni kali. Nyekundu iache kabisa: inataka moto ndipo ifunguke, na miwani haina mahali pa kuwekewa moto. Namna ya kutumia: toa skrubu, ifute mafuta kwa spiriti, chovya ncha ya pini ndani ya gundi na uguse nyuzi tu, kisha rudisha. Kaza mpaka mkono, ukiuachia, ushuke polepole kwa uzito wake. Ukizidisha, legeza robo mzunguko papo hapo, kabla haijashika. Iache saa 24. Kwenye chuma cha pua (kile kisichoshika kutu) na titani inachelewa kidogo, basi usiwe na haraka. La kuangalia zaidi ni lenzi: nyingi za miwani ya jua ni polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, na gundi hii ikizigusa inaweza kuzitia nyufa nyembamba kama utando. Futa mabaki mara moja, na ukiweza toa mkono wote pembeni kabla ya kuanza.

Ya tatu ni skrubu zenye mkia, na hizi nazipenda kuliko kasha la skrubu mchanganyiko. Mkia mwembamba hutangulia kupenya matundu ya bawaba, unauvuta kwa koleo, skrubu inafuata na kujipanga yenyewe, unakaza, kisha unakata mkia. Kwa bawaba za springi, zile ambazo mkono hufunguka nje kupita kawaida, hakuna njia rahisi zaidi: springi inavuta matundu yasikae kwenye mstari mmoja, na skrubu fupi haiwezi kuingia bila mikono mitatu. Kasha la mchanganyiko lina faida moja tu, nayo ni wingi. Humo mna skrubu za bawaba, za kubana lenzi na za vikalio vya pua, na ukichukua ya lenzi ukaiweka kwenye bawaba itakuwa fupi. Ukinunua kasha, nunua lenye vyumba na vipimo vilivyoandikwa.

Nyuzi zikiwa zimelika, gundi haisaidii. Chukua skrubu nene hatua moja, 1.6 badala ya 1.4, au ndefu inayopita hadi upande wa pili na kufungwa kwa nati. Si nzuri kwa macho, lakini inadumu. Kata kilichozidi na ukipige tupa, la sivyo kitakukwaruza.

Rangi ya kucha isiyo na rangi? Ndiyo, kwa safari. Tone juu ya kichwa cha skrubu linashika kwa muda, kisha linabanduka.

Gundi kali ya matone ndiyo ya mwisho. Mvuke wake hutua kwenye lenzi na kuacha ukungu mweupe, ikipenya bawaba mkono haukunjiki tena, na dawa ya kuiyeyusha ni asetoni, ambayo huiharibu polikaboneti na plastiki za fremu. Yaani unatibu jeraha kwa kuongeza jingine.

Chuma kikiwa kimekatika, usinunue kitu. Gundi ya epoksi haina eneo la kutosha la kushika kwenye bawaba, na kiungo kinachotembea kila siku kitaing'oa. Mpelekee fundi miwani anayelehemu, na umuulize mambo mawili: kama atatoa lenzi kwanza, na kama ana mashine ya leza. Kulehemu kwa madini ya fedha kunapita nyuzi joto 600, kwa hiyo rangi ya fremu itaungua mahali hapo na itahitaji kupakwa upya. Titani nayo ikipata moto hushikana na hewa na kuwa dhaifu. Inataka leza au gesi ya argoni ya kuikinga. Akikuambia ataichomelea kama chuma kingine chochote, chukua miwani yako uondoke nayo.