Darasa la jioni la Kiingereza: miezi miwili, na gauni moja

Mimi ni fundi cherehani, Mji Mkongwe, na wageni ni nusu ya wateja wangu. Kilichonipeleka darasani ni gauni la kitenge. Mama mmoja wa Kimarekani alilijaribu, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Let's start over." Start naijua, kuanza. Over naijua, juu. Basi nikaanzia juu: nikapandisha kiuno vidole vinne. Aliporudi kesho yake alicheka, kisha akaacha kucheka. Kitenge kipya nilikinunua Darajani kwa pesa yangu.

Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, katika chumba cha skuli. Wiki ya tatu neno langu likafika. Mwalimu akaandika ubaoni "start over: anza tena", akataka kupita. Nikanyoosha mkono, nikamsimulia habari ya gauni. Darasa zima likacheka, yeye akaweka chaki chini.

"Fundi, kola ikikaa upande unafanyaje?"

"Naifumua, naishona upya."

"Ndiyo start over. Na umeme ukikatika katikati ya mshono, ukarudi?"

"Naendelea nilipoishia."

"Hiyo siyo."

Kumbe "anza tena" yetu inabeba yote mawili, na mimi ningeondoka nayo vile vile ilivyoandikwa. Akaeleza kwamba start over ni ya Wamarekani zaidi. Muingereza utamsikia akisema start again au start afresh. Tena ukitaja kitu kwa it, hukaa katikati: start it over, si start over it. Akachomekea na do over: Mmarekani akikwambia do it over, rudia kazi, Muingereza wa mtaani akisema they did him over, jamaa kapigwa. Hiyo hainitoki kichwani.

Ubaya wake ni karatasi. Kopi zimefifia, vitenzi arobaini vimepangwa kwenye jedwali, kila kimoja na tafsiri ya maneno mawili, mfano hakuna. Mwalimu mwenyewe akiulizwa ni hodari, asipoulizwa anasoma jedwali mpaka muda uishe. Kwa hiyo ukienda, nenda na sentensi iliyokutia hasara.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Vipindi ni baada ya magharibi. Feni ni moja, iko safu ya mbele, wahi.